Ekseli Iliyonipeleka Brussels

Watu wengi ninaowajua waliokwenda Ulaya walikwenda kusoma, kutibiwa au kulea mjukuu. Mimi nilikwenda kuchungulia chini ya gari. Mdogo wangu Neema ni muuguzi katika hospitali moja kubwa huko Jette, upande wa kaskazini-magharibi wa Brussels. Mumewe, Ilunga, mtu wa Lubumbashi, ana gari la spoti la Kimarekani, la zamani kidogo, lenye injini kubwa na kelele za kuutosha mtaa mzima. Gari hilo lilikuwa linavuja oili kwenye ekseli ya nyuma. Gereji mbili zilishabadilisha sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke, na bado sakafu ya maegesho chini ya jengo lao ilikuwa na madoa. Msimamizi wa jengo aliandika barua: doa jingine moja, na nafasi yao ya kuegesha wanapewa wengine. Ilunga akatangaza kuwa gari linauzwa, na mnunuzi angefika Jumamosi.

"Dada, hicho ndicho kitu pekee alichonunua nchi hii bila kulazimika," Neema aliniambia kwenye simu. "Likiondoka atanyamaza mwaka mzima. Mimi namjua."

Nafundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja Morogoro, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Chuo kilikuwa kimefunga, na Neema alikuwa ananidai ziara tangu alipoolewa. Sitawaficha: huruma ilikuwepo, lakini udadisi ndio ulionipandisha ndege. Oili haitoki bila sababu.

Morogoro, Jumapili asubuhi. Nilipanda treni ya kwenda Dar es Salaam nikiwa na begi moja: ovaroli, tochi ya kichwani, na dagaa wa Kigoma ambao Neema aliwaagiza kwa msisitizo kuliko alivyoniagiza mimi. Ndani ya ndege nilichora ekseli kwenye karatasi ya kufutia mikono. Abiria wa pembeni, mzee mmoja mpole, aliniuliza kama najenga. Nikamwambia bado nipo kwenye msingi.

Uwanja wa ndege wa Zaventem, Jumatatu. Ilunga alikuja kunipokea kwa treni, na hilo peke yake lilinieleza hali ilivyo. Ni mtu mnene, mtaratibu, anayevua kofia akikusalimu. "Karibu sana, Maman Stella. Bon, ulisafiri muzuri?" Nilimjibu kuwa nimesafiri vizuri na kwamba nataka kuliona gari. Akacheka, akasema kwanza nitakula. Njiani alinionyesha kila kitu isipokuwa magari. Baridi ya mwezi wa nne ilinifanya nivae kanga mbili juu ya koti, na hakuna aliyenishangaa.

Jette, Jumanne. Nilitandika boksi sakafuni, nikaingia chini ya gari. Nilichokiona kilinifurahisha kuliko inavyompasa mgeni: sili zote mbili zilikuwa kavu kabisa. Unyevu ulianzia juu, kwenye bomba la kulia la ekseli, penye kikofia kidogo kinachofunika tundu la kupumulia. Ekseli ikipata joto, hewa iliyomo ndani hutanuka na lazima itoke. Tundu likiziba, hewa husukuma oili ipite popote inapoweza. Kwetu linazibwa na tope, na kila mwaka nawaimbia wanafunzi wangu wimbo huo. Kwa hiyo nikamwambia Ilunga, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba tundu limeziba. Nikafungua kikofia, nikapuliza kwa mdomo. Hewa ilipita bila shida yoyote. Nilinyanyuka nimetahayari, na shemeji yangu kwa adabu yake akajifanya anatafuta kitambaa.

Koekelberg, Jumatano. Kama tundu ni zima na oili inapitia humo, nilitaka kuona inapita lini. Tulifuta kila kitu kikawa kikavu, Ilunga akanipakia hadi kwenye barabara inayolizunguka Basilika, kanisa kubwa la pale. Kule magari hupita mkono wa kulia, basi ukizunguka unakata kushoto muda wote. Tulizunguka mara tano, mimi nimeshika mlango na kumwomba Mungu aliye jirani pale. Tuliposimama nikainama na tochi. Bomba la kulia lilikuwa limelowa. Mambo yakaanza kunielea: gari likikata kushoto kwa kasi, oili inakimbilia kulia, inapanda hadi kwenye tundu na kumwagika nje. Lakini ekseli yenye oili ya kiasi chake haiwezi kumwaga namna hiyo. Ilikuwa nyingi mno, na sikuelewa ilitoka wapi wakati gereji mbili zilikuwa zimeishika.

Jioni ile tulikula bukari na sombe, ambavyo sisi tungeviita ugali na kisamvu, na wale dagaa. Nikamwuliza Ilunga, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, gereji hizo zilijaza oili ya aina gani. Aliweka tonge chini.

"Garagiste anabadilisha ma-pièces," alisema. "Huile, miye mwenyewe njo minatiaka."

Kumbe mafundi walibadilisha vipuri tu; oili alikuwa anaitia mwenyewe. Neema aliniangalia, akaendelea kula.

Jette, Alhamisi. Nilimwomba anionyeshe anavyojaza. Akavaa koti la buluu la kazi lililofuliwa hadi likapauka, akaweka jeki upande mmoja tu wa gari, ule wenye tundu la kujazia, akaunyanyua. Fundi yeyote anajua kwamba oili ya ekseli hujazwa gari likiwa limekaa sawasawa, hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu, basi. Yeye alikuwa ameliinamisha gari makusudi ili tundu liwe juu na ekseli imeze zaidi. Na kila ilipovuja, aliongeza tena. Alifanya kazi hiyo kwa mkono safi, bila kumwaga tone, na muda wote alikuwa anazungumza. Tangu nifike sikuwa nimemsikia akiongea hivyo.

"Baba alikuwaka chauffeur wa camion, Lubumbashi na Kolwezi. Njia yote huile hapana. Donc unainua upande moja, unatia demi-litre ingine, ya njia. Nilikuwa mutoto, miye njo nilikamata tochi."

Yaani njiani oili haikupatikana, kwa hiyo mzee aliongeza nusu lita ya safari. Baba yake alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, na Ilunga hakuwahi kufika mazishini. Hilo alikuwa amenieleza Neema. Nilikaa juu ya ndoo pale maegesho na jibu langu mdomoni, na kwa mara ya kwanza katika safari ile nilitamani nisingelijua. Nikilisema, nimemkosoa marehemu mbele ya mwanawe. Nikinyamaza, Jumamosi gari linaondoka.

Nikamwuliza lori la baba lilikuwa linabeba nini. Akasema saruji, unga, wakati mwingine watu juu ya unga. Nikamwuliza lilikuwa linakwenda mwendo gani. Akacheka, akasema wakati wa mvua mtu wa baiskeli alikuwa anawapita. Na lilikuwa linavuja? Kila mahali, alisema. Walipolala liliacha alama yake chini.

"Basi baba yako alikuwa anajaza oili ya kupotea njiani," nilimwambia. "Alilijua lori lake vizuri, shemeji. Hili lako halipotezi kitu. Hili linakimbia tu."

Alishusha jeki polepole, akakusanya spana zake moja moja, akapanda juu. Nililala vibaya.

Ijumaa, saa mbili asubuhi. Alinigongea mlango akiwa ameshavaa koti la buluu. Maegeshoni nilikuta gari limeinuliwa pande zote nne, na pima-maji imewekwa juu ya ekseli. Hakuniomba nifanye lolote. Alifungua nati ya kujazia, na oili iliyozidi ikaanza kutoka yenyewe, ikaingia kwenye beseni, ikaendelea hadi nikadhani haitakwisha. Alichuchumaa akaiangalia mpaka tone la mwisho. "Iko mingi," alisema taratibu. Baada ya hapo tulirefusha pumzi ya ekseli: tuliondoa kikofia, tukafunga mpira mwembamba na kuupandisha hadi chini ya buti, mahali ambapo oili haiwezi kufika hata gari likikatwa kona namna gani.

Koekelberg hadi Flagey, mchana ule ule. Tulilizunguka Basilika mara kumi, kisha tukaukata mji hadi uwanja wa Flagey, ambako Neema alitusubiri baada ya zamu. Ilunga alitandika boksi jeupe chini ya ekseli, tukaketi kwenye mkahawa tukilitazama saa nzima. Boksi lilibaki jeupe. Ilunga alitoka nje, akampigia mnunuzi simu kwamba gari haliuzwi tena, akarudi na kuagiza kahawa ya pili. Baadaye nilimwona akiingiza kwenye buti chupa mpya ya oili, ya nusu lita. "Ya njia," alisema, na safari hii alicheka.

Zaventem, wiki iliyofuata. Nilipelekwa uwanjani kwa gari, na Neema akakaa nyuma magoti yakigusa kidevu. Kabla ya kuachana Ilunga alivua kofia.

"Maman Stella, garagiste wa kwanza aliniambiaka. Alisema huile iko mingi. Nilikamata funguo, nikatoka. Nilisema, bora niuzishe motokari kuliko kusikia muntu anasema baba alikosa."

Nikamwuliza mbona mimi alinisikiliza.

"Weye uliuliza kwanza camion yake ilikuwa inabeba nini."

Morogoro, sasa. Katika somo la ekseli za nyuma nina maswali sita ambayo mwanafunzi lazima amwulize mwenye gari kabla hajashika spana. Nimeongeza la saba, nikaliweka la kwanza: nani alikufundisha?