Godoro Nyuma ya Pikapu

Seremala alinunua pikapu kwa sababu gari lisilobeba mbao lisingemlisha. Mama mkwe wake akaapa: "Mimi si gunia, sipandi hicho kigari."

Asubuhi moja mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Teksi ilikuja, lakini kila walipojaribu kumketisha alipiga yowe. Ikabidi seremala ashushe mbao, atandike godoro nyuma, wamlaze juu ya mlango mpya aliokuwa ameutengeneza na kumpakia.

Aliendesha polepole, roho mkononi, akikwepa mashimo. Huko nyuma mama alilia, mke wa seremala akimbembeleza. Ghafla kilio kikakatika.

"Mama!" seremala aliita.

"Endesha wewe! Nimechoka kupiga kelele tu."

Walifika hospitali salama, mama akilalamika kwamba godoro ni jembamba.