Fomu Niliyotaka Baba Aulizwe

Nakumbuka Ijumaa moja ya mwezi wa Juni, mwanangu, nimekaa kwenye kafeteria moja pale mtaa wa Satwa, Dubai, na kompyuta ya baba mbele yangu, nikijiandaa kudanganya. Wakati ule sikuita kudanganya. Niliita kumaliza kazi haraka.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba alikuwa mpishi hotelini, nami nilikuwa nimemfuata Dubai kwa visa yake. Nilikula kwake, nililala kwake, na mchana niliuza vitambaa katika duka la mafundi cherehani. Sasa ofisi ya kaunti kule nyumbani Kenya ilikuwa imeniita kwenye usaili wa kazi ya karani, kazi niliyoitamani tangu shuleni, na ilitaka cheti cha kuonyesha kuwa mambo yangu ya kodi yako sawa. Bila kujaza fomu ya mwaka uliopita, cheti hakuna. Na Juni, mwezi wa mwisho wa kujaza, ilikuwa inaisha.

Wenzangu dukani walinicheka. "Dubai hakuna kodi, Naliaka. Jaza sifuri, khalas, umemaliza." Fomu ya sifuri ni ya mtu ambaye hakuwa na mapato yoyote, na mimi kabla ya kuja huku nilikuwa nimefanya kazi miezi mitatu katika supamaketi moja Kitale, nikakatwa kodi. Lakini nilijiambia, miezi mitatu ni nini? Tena mimi bado niko chini ya baba. Kama kuna wa kuulizwa, aulizwe yeye.

Mama Nekesa alinikuta hapo. Alikuwa mama wa makamo, mfanyakazi wa nyumbani kwa familia moja ya mtaa wa Al Warqa, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake pekee ya kutoka. Madam wake alimtaka awe amerudi kabla ya magharibi. Wakenya wengi tulimfahamu, maana kila Juni aliwasaidia wenzake kujaza fomu na hakudai hata kikombe cha chai. Akatazama kompyuta yangu, akavuta kiti.

"Mwaka jana hukufanya kazi popote nyumbani?"

"Miezi mitatu tu, Mama. Na mimi niko chini ya baba."

"Baba anakulisha, sawa. Ule mshahara wa Kitale ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Basi na fomu ni yako. Na si ya sifuri."

Niliona haya, halafu nikakasirika, kama vijana tufanyavyo tukishikwa pabaya. Nikamwambia mwajiri wa Kitale hapokei simu zangu, na bila karatasi yake inayoonyesha mshahara na kodi aliyokata, siwezi kujaza chochote cha kweli. Nilidhani hapo nimemweza. Yeye akatoa simu, akampigia dada yake aliyeishi Kitale, akamwomba aende kwenye ile supamaketi na asiondoke mpaka apewe karatasi yangu.

Tukangoja. Mwanangu, hapo ndipo nilipompenda mama yule. Mtu aliyesimama juu ya miguu yake siku sita aliketi nami saa nne za mapumziko yake, akakosa ibada aliyoisubiri wiki nzima, kwa ajili ya msichana aliyemnunia. Tukiwa tunangoja akajaza fomu yake mwenyewe. Alikuwa na vyumba viwili vya kupangisha huko kwao, akaandika pango lote alilopokea. Kwa ujinga wangu nikamuuliza, asipoandika nani atajua?

"Mimi nitajua," akasema, na akaendelea kuandika.

Alasiri karatasi ikaingia kwenye simu yake, imepigwa picha juu ya kaunta, na dada yake akaahidi kuitunza ile yenyewe. Tukajaza kila kitu kama kilivyokuwa. Kodi yote ilikuwa imeshakatwa, sikudaiwa kitu. Kazi niliyoikwepa mwezi mzima ilichukua nusu saa.

Cheti nilikipata, nikaenda kwenye usaili. Katika maombi yangu nilikuwa nimejisifia ile miezi mitatu ya Kitale, kwa kuwa huo ndio ulikuwa uzoefu wangu wote wa kazi nchini. Mzee mmoja mezani akaniuliza kama nina uthibitisho wowote. Nilikuwa na karatasi moja tu, ile niliyoichukua kwa dada yake Mama Nekesa, aliyeingojea dukani saa nne. Nikampa. Akaisoma, akailinganisha na fomu yangu ya kodi, akaniuliza nitaweza kuanza kazi lini.

Kwa hiyo usiniambie bado unakula kwa wazazi, mwanangu. Ukipokea mshahara, jina lililo kwenye mshahara ndilo litakaloulizwa. Kila nchi ina sheria zake, basi uliza za huko uliko na za huko ulikotoka, uwaulize wanaozijua, si wanaokucheka dukani. Tafuta karatasi zako mapema, ujaze ukweli hata kama ni mdogo.

Mungu aibariki kazi yako ya kwanza, na akujalie kukutana na mtu kama Mama Nekesa. Ukishakua, akujalie uwe yeye kwa mwingine.