Usharika Uliosubiri Kutumiwa Mchungaji

Nianze na shukrani, maana nisipozitoa nitakuwa mwongo. Usharika wetu wa Kiswahili ulipokuwa bado unasali sebuleni kwa watu, Umoja wa makanisa huria wa hapa Toronto ndio uliotutafutia ukumbi kule Parkdale, wenye jiko na joto la uhakika. Walitupa viti, vitabu vya kufundishia watoto, na mwanasheria wa kutuandikia katiba. Hawakutuuliza tunaamini nini. Walituuliza tuko wangapi na kama tutapika kila Jumapili.

Nyumbani Tanzania nilikuwa mwinjilisti. Kwa jinsi nilivyofundishwa chuo cha Biblia, mwinjilisti anahubiri, anafundisha kipaimara na anazika, lakini Meza ya Bwana haigusi. Hiyo ni ya mchungaji aliyewekewa mikono. Na mchungaji kwetu hatafutwi, anatumwa. Askofu anaandika barua, barua inasomwa ibadani, na baada ya wiki chache mchungaji anashuka na kabati lake na kuku wake.

Kwa hiyo mchungaji wetu, tuliyeanza naye sebuleni, alipohamia jimbo la Alberta kwa watoto wake, niliuandikia Umoja barua ya heshima nikiomba tutumiwe mwingine. Walijibu upesi. Walisema wanafurahi kutusindikiza katika safari hiyo, wakaambatanisha kitabu cha mwongozo. Nilikisoma chote, kamusi pembeni, nikitafuta mahali palipoandikwa mchungaji atafika lini. Sikupaona. Niliandika tena. Wakanitumia toleo jipya la kitabu kile kile.

Nilikuwa na haraka, na sababu yake ilikuwa mama mmoja wa mtaa wa St. James Town. Ibada yetu ya kwanza ilifanyika sebuleni kwake. Sasa alikuwa amelala kitandani, na daktari alikwisha kusema na wanawe pembeni. Alitaka kitu kimoja: kushiriki Meza ya Bwana kwa Kiswahili kabla hajaondoka. Mchungaji wa kanisa la jirani alikwenda kumwona, mtu mpole sana, akamuuliza kwa Kiingereza anajisikiaje moyoni. Mama aliniambia baadaye kwamba hakutaka kuulizwa habari za moyo wake, alitaka kulishwa. Kila Alhamisi nilimsomea Neno, na kila Alhamisi aliniuliza mchungaji amefika wapi.

Hatimaye Umoja ulimtuma mshauri, mama wa makamo mwenye subira kuliko mimi. Alikula sombe yetu, majani ya muhogo, akaomba aongezewe, kisha akatueleza kwamba Umoja haumtumi mchungaji popote. Kila usharika uko huru kujichagulia. Kazi yao ni kutusaidia tujue tunataka nini. Akatuachia karatasi arobaini za maswali, kila muumini ajaze yake peke yake, asiandike jina, aifunge kwenye bahasha.

Tulizijaza kama tunavyofanya mambo yetu. Baada ya ibada tuliketi, katibu wetu, Mkongo mcheshi, akasoma swali moja moja, na hatukuvuka swali mpaka asiwepo wa kupinga. Suala la kama mchungaji lazima awe na mke lilituchukua Jumapili nzima. Tulipomaliza, kwa kuwa wengi hawakuamini Kiingereza chao cha kuandika, katibu na dada wawili wakazijaza zote arobaini. Kila moja tukaifunga kwenye bahasha yake. Nilijivuna. Sikuwahi kuona Watanzania, Wakongo na Warundi wakikubaliana hivyo.

Mshauri alirudi amenyong'onyea. Karatasi arobaini, jibu moja. Aliuliza kwa sauti ya chini, akiniangalia mimi, kama kuna mtu usharikani ambaye wengine wanaogopa kupingana naye.

Katibu alitafsiri, kisha akaongeza yake. "Papa Mzee, anasema wewe ni dikteta. Mimi nimemwambia bado unajifunza."

Watu walicheka. Mimi sikuweza.

Tukaanza upya, kila mtu na karatasi yake, na hapo ndipo tulipokwama. Mama mmoja wa Bujumbura alisema mtu hafichi jina lake isipokuwa anamsema mwenzake vibaya. Wengine walirudisha karatasi tupu. Mzee mmoja aliandika jina lake juu, kwa herufi kubwa, na chini akatia sahihi. Miezi ilipita. Theluji ikaanguka, na mama wa St. James Town akaacha kukaa hata kwa kuegemezwa mito.

Nilikwenda ofisini kwa mshauri nikamweleza habari za mgonjwa. Alivua miwani.

"Kwa nini hamjampelekea hiyo Meza ya Bwana?"

Nikamwambia hatuna mchungaji.

"Lakini kwetu usharika unaweza kumruhusu yeyote aliye wake. Hata wewe. Imo kwenye katiba yenu, tangu siku mliyotia sahihi."

Kifungu hicho nilikuwa nimekisoma. Nilidhani kimewekwa kwa ajili ya watu wasiojali mambo haya.

"Mama," nikamwambia, "mimi sikuomba ruhusa. Niliomba mchungaji."

"Najua," alisema. "Na huyo ndiye tusiyeweza kukupa."

Jumapili katibu alilileta jambo mbele ya watu, na hakuna aliyepinga. Nilipinga mimi. Niliomba wiki moja ya kuomba, nikaitumia kufungua madaftari yangu ya chuo, nikitafuta mwalimu mmoja tu wa kuniambia naweza. Nilimkasirikia mshauri kwa kunipa uhuru nisioutaka, nikajikasirikia mimi zaidi, kwa sababu wiki ile ile mama mgonjwa aliacha kumeza chakula.

Wiki ilipokwisha, sijampata mwalimu huyo, niliingia chumbani kwake na mkate na kikombe. Alivitazama, kisha akanitazama mimi. Akauliza mchungaji yuko wapi. Nikamwambia hayupo, usharika umeniruhusu mimi.

"Ruhusa hiyo imekuwepo tangu lini?"

Sikuweza kumdanganya. Nikasema tangu tulipojiunga.

"Kumbe Alhamisi zote zile ulikuwa unakuja mikono mitupu kwa kupenda kwako, baba."

Mjukuu wake, aliyekuwa mlangoni, aliuliza kwa Kiingereza kama bibi anahitaji kitu. Bibi alinikazia macho mimi.

"Haya, anza," akaniambia. "Usiruke kitu."

Nilianza. Maneno niliyoyasikia kwa wengine maisha yangu yote yalikuwa mageni kinywani mwangu. Mkate hakuweza kuumeza, nikachovya chembe kikombeni nikaigusisha midomoni mwake. Nilipokosea mstari mmoja alinisahihisha, amefumba macho, na hakuniacha niendelee mpaka niliporudia.