Mlima Niliompelekea Haukuwa wa Kwao

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Si shetani, si njaa. Ni uvivu, jamani, uvivu na kiburi!

Nina studio ya picha Kitale, mtaa wa Tuwan. Nakula kwa picha za paspoti na za harusi. Mteja akitaka kuonekana amesimama kwenye maporomoko ya maji, namkalisha kwenye stuli, halafu nambandika huko kwa kompyuta. Anacheka, nacheka. Nilishazoea kuona kwamba mandhari haina mwenyewe.

Mwaka jana alinijia mwalimu mmoja wa Bungoma. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kitandani, na alikuwa mzaliwa wa huko juu ya Lwakhakha, chini ya Mlima Elgon.

"Dada, mama anataka tu kuona mlima vile unaonekana kutoka kwa boma ya baba yake," akaniambia. "Kuna mwamba mweusi hapo mbele, walikuwa wanaanika wimbi ya uji juu yake. Yeye hawezi safiri tena. Si uende umpigie hata moja, bana?"

Nilienda. Naapa nilienda! Lakini mlima ulikuwa umejifunika mawingu mpaka miguuni, na mvua ikaanza. Niliishia sokoni Lwakhakha, nikanywa chai, nikageuza. Boma lenyewe sikulikanyaga.

Nyumbani nikafungua simu, nikatafuta milima. Nikapata mmoja, weh! Jua linachomoza, ukungu unang'aa, kilele kinakutisha mpaka unanyamaza. Ni wa nchi gani, sijui hadi leo. Ulikuwa na theluji, nikaifuta. Mimi, mtu wa Kitale, ninayeamka kila siku nikiuona Elgon ulivyo mpana na mtulivu! Nikaichapisha picha hiyo kubwa, nikaitia fremu.

Bungoma nilipokewa kwa vigelegele. Kukhu, ndivyo wajukuu walivyomwita bibi yao, akainuliwa, akawekewa mito mgongoni. Akaitazama muda mrefu.

"Ni mzuri sana," akasema. "Mwamba iko wapi?"

"Haukuingia kwa picha, kukhu."

"Na ulisimama kwetu?"

"Ndiyo, hapo hapo."

Akaitazama tena. "Basi ni mimi nimesahau kwetu. Pole, mwanangu. Umeenda mbali yote hiyo, na mimi hata sijui kwetu."

Akaniambia pole! Mimi! Binti yake, dada wa yule mwalimu, akamfunika shuka vizuri, akaninong'oneza, "Usijali, kichwa yake imeanza kupotea." Nami nikamalizia chai yao, nikaaga.

Hakuuliza tena habari za kwao. Wiki ya pili akafariki. Picha yangu ndiyo waliyoiweka kwenye kijitabu cha mazishi. Mpaka leo mwalimu hunitumia ujumbe: "Ubarikiwe dada, mama aliona kwao." Kila nikiusoma natamani ardhi inimeze.

Baada ya mazishi nilirudi. Nikauliza njia, nikapanda hadi boma lile, nikangoja siku tatu. Asubuhi ya tatu mawingu yakainuka. Mlima wote ukajitokeza, mkubwa ajabu, na mimi nikajikuta nimekaa chini, kamera mapajani, nalia. Mwamba mweusi ulikuwa mbele yangu, pale pale aliposema.

Picha hiyo iko kwenye droo ya studio. Sijaionyesha mtu.

Wenzangu wa kamera, na wewe usiye na kamera, mtu akikutuma ukamwonee kwao, nenda. Mawingu yakikuzuia, rudi umwambie mawingu yamekuzuia. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuambiwa hivyo. Usimpelekee uzuri wa kuokota halafu umwache ajilaumu.

Na wewe mwalimu, kama umesoma mpaka hapa umeshanijua. Teremsha ile fremu ukutani. Mwambie na dada yako: kichwa cha mama hakikuwa kimepotea. Hakusahau kwao hata kidogo.