Dereva Tuliyempa Ofisi

Miaka ya sabini ikielekea kuisha, nilikuwa meneja wa tawi la kampuni moja ya usafirishaji mjini Isiolo. Malori yetu yalipeleka mahindi, sukari na mabati Marsabit na Moyale. Mimi ni Mmeru, nililetwa pale kutoka Nairobi, na mwanzoni madereva waliitikia salamu yangu kwa adabu, kisha wakaendelea na mazungumzo yao kwa Kisomali kana kwamba nimeshaondoka.

Aliyenikaribisha kati yao alikuwa dereva mmoja, mzaliwa wa Isiolo, ambaye babu yake aliletwa huko akiwa askari wa Mwingereza. Lori likizama mchangani, wenzake walingoja yeye aseme. Wakigombana, yeye ndiye aliyewapatanisha. Kwa hiyo ofisi kuu ilipotaka kila tawi lichague mtu wa kuinuliwa awe msimamizi wa madereva, nilimpendekeza yeye bila kusita.

Akapelekwa kozi Nairobi. Alirudi na tai, ambayo upepo wa Isiolo uliirusha usoni mwake kila alipotoka nje, na mambo mengi aliyofundishwa: namna ya kumsikiliza mfanyakazi, namna ya kumkosoa bila kumwaibisha, na kwamba habari mbaya msimamizi humpa mtu wake yeye mwenyewe, hamtumi mwingine. Nilifurahi. Niliyaamini mafunzo hayo kama alivyoyaamini yeye.

Zamani madereva wote walikula mchana kwenye sinia moja, katika hoteli iliyokuwa kando ya gereji. Baada ya kozi aliendelea kwenda, lakini walimpisha nafasi kubwa mno. Walianza kumwita bosi, kwanza kwa kumtania, halafu wakaacha kutania. Mmoja tu ndiye aliyeendelea kumwita walaal, yaani ndugu kwa Kisomali. Huyo na msimamizi walikuwa wamekua pamoja, wakasoma madrasa moja, wakajifunza kuendesha kwenye lori moja bovu.

Asubuhi moja msimamizi alikuja ofisini kwangu akafunga mlango.

"Mzee, nikikuambia kitu, unasikia kama meneja ama kama mtu?"

Nilimwambia sijui kama naweza kuvitenganisha.

Akasema hata hivyo. Yule rafiki yake wa madrasa alikuwa amemweleza, walipokuwa wakitoka msikitini, kwamba macho yake yanakufa. Mbele aliona, lakini pembeni palikuwa kama pamefunikwa na kitambaa. Daktari alikuwa amemwambia hayatapona. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa ameingiza lori mtaroni karibu na Ngaremara, mchana kweupe, barabara imenyooka, akasema ni vumbi. Sote tulikubali kwamba ni vumbi.

"Aliniambia nisiseme kwa mtu," alisema. "Lakini hapo Ngaremara watoto wanachunga mbuzi kando ya barabara. Akiwagonga, nitasema nini?"

Nilimwambia aniachie mimi. Ningemwita, ningedai kila dereva apimwe macho, jina lake lisitajwe.

"Hapana," akasema. "Atajua tu. Na atajua mimi nilijificha nyuma yako."

Walizungumza siku iyo hiyo, mimi nikiwa nimekaa pembeni kwa sababu kampuni ilitaka awepo shahidi. Chai ililetwa, hakuna aliyeigusa. Msimamizi alimwambia mwenzake kwamba hataendesha tena, taratibu kama alivyofundishwa, akimtazama. Dereva alimsikiliza hadi mwisho.

"Nani alikuambia habari ya macho yangu?" akauliza.

"Wewe mwenyewe."

"Mimi nilimwambia walaal wangu. Bosi wangu sikumwambia kitu."

Akaweka ufunguo wa lori mezani, akaniaga mimi kwa mkono, akatoka.

Niliomba ofisi kuu apewe kazi nyingine, hata ya kukaa langoni na kufungulia malori. Walijibu kwamba nafasi hiyo haipo. Nikapanda basi hadi Nairobi kuwaona ana kwa ana. Bwana mmoja mwenye sauti ya upole alinisikiliza, akasema anaelewa kabisa, akaniuliza msimamizi wangu mpya anaendeleaje. Nikajikuta nimerudi barabarani bila chochote mkononi.

Madereva hawakumtukana msimamizi. Ingekuwa afadhali. Walitii kila alilosema, wakanyamaza akikaribia. Mwezi haukuisha kabla hajaja kuniomba arudishwe kwenye lori. Nilipeleka ombi lake Nairobi. Jibu likawa kwamba mtu hateremshwi cheo bila kosa, na kwamba kampuni ilikuwa imetumia mengi kumwendeleza.

"Basi nifanye kosa gani?" aliniuliza, na hakuwa anatania.

Rafiki yake alihamia Kinna kwa dada yake. Mwaka uliofuata nilikuwa na safari ya huko, msimamizi akaomba kuandamana nami. Tulimkuta amekaa kivulini, uso umeelekea sauti zetu. Alinipokea kwa furaha, akaagiza chai ya maziwa ya ngamia, akauliza habari za mke wangu na za kila dereva, mmoja mmoja. Msimamizi alipomtolea salaam aleikum, aliijibu kikamilifu, kwa kuwa haiachwi bila kujibiwa. Zaidi ya hapo hakumwambia neno. Msimamizi alimuuliza kuhusu afya, kuhusu shamba la dada yake, na kila mara jibu lililetwa kwangu, kana kwamba ni mimi niliyeuliza. Nilijaribu kuwaunganisha kwa hadithi za safari za zamani. Alicheka mahali pa kucheka, akinigeukia mimi.

Njiani kurudi msimamizi aliendesha yeye. Niliona ameshika usukani kwa mikono miwili, kama mwanafunzi, hadi tukafika mjini.

Miaka ya themanini ilipoanza, ofisi kuu ilimwita Nairobi akawafundishe wasimamizi wapya, kwa sababu walisikia anajua kutoa habari ngumu. Nilimuuliza kama anataka kwenda. Alisema huko angalau watu watakuwa hawamjui. Nilimsindikiza stendi asubuhi, mkewe na watoto wakiwa wameshapanda basi. Hakuna dereva aliyekuja kumuaga. Tulisimama na vumbi likipita katikati yetu, nikamwambia aendelee vizuri, naye akaniambia ahsante.

Wiki iliyofuata ofisi kuu iliniomba nipendekeze mtu mwingine.