Mikono Arobaini ya Kushoto

Fundi huyu wa sare za shule alikuwa na jina zuri la ubatizo, lakini mtaa mzima ulimwita Pasi, kwa sababu ukimgusa vibaya alikuunguza kwanza, ndipo akauliza ulikuwa unataka nini. Alikuwa ameokoka miaka tisa. Aliacha mambo mengi. Jina lilikataa kumwacha.

Alikuwa mtu wa kupima. Shule zikikaribia kufunguliwa, akina mama walimletea suruali zile zile za mwaka jana afumue pindo, naye kabla ya kufumua aliangalia mkunjo wa zamani akasema, "Huyu kapanda inchi mbili." Aliipenda kazi hiyo kuliko zote. Ndiyo maana Jumapili moja mchungaji aliposema kwamba Mkristo naye sharti akue katika neema, Pasi hakusikia mahubiri yaliyofuata. Alibaki na swali moja tu: sasa hii inapimwa kwa futi gani?

Baada ya ibada alimvizia mlangoni.

"Mchungaji, nitajuaje kama nimekua?"

"Dada, si wewe ni fundi? Mtoto hujua kwamba amekua?"

"Thubutu! Yeye anacheza tu. Anayeona ni mama yake."

"Basi waulize unaoishi nao," mchungaji akasema, akageuka kumsalimia mtu mwingine.

Ushauri ule ulikuwa mwepesi kuusikia na mzito kuubeba. Alianza na mume wake, wakati wa chakula. Mume alitafuna taratibu, akatazama dari, akasema mchuzi wa leo umekolea. Pasi akajua jibu ameshapewa.

Aliyebaki ni wifi, mke wa kaka yake, na huyo ndiye aliyemwogopa. Miaka saba nyuma walikuwa wakishona pamoja katika chumba kile kile cha mbele. Siku moja wifi alikata mikono ya mashati ishirini akasahau kukunja kitambaa uso kwa uso. Mkono wa shati una mbele yake na nyuma yake. Usipokunja hivyo, yote inatoka ya upande mmoja. Ilitoka arobaini, yote ya kushoto. Pasi alifoka mpaka wateja wakarudi nje. Alisema hata kwamba kaka yake hakuoa, aliokota. Wifi akakusanya mkasi wake na kwenda zake. Na wakati huo Pasi alikuwa ameshaokoka miaka miwili. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Mwaka huu Pasi alianguka akateguka kiwiko. Wifi alisikia, akaja asubuhi bila kuitwa, akauliza sare za shule gani zinadaiwa mapema, akaketi kwenye cherehani. Kiwiko kilipona, wifi akaendelea kuja. Miezi mitatu sasa, wala ya kale hawakuyagusa. Yaliyopita si ndwele, lakini kulikuwa na kitu kilichomtatiza Pasi. Ukutani palikuwa na msumari wa wifi wa siku zote, naye hakuutumia. Mkasi, futi na chaki vilikaa kwenye mfuko miguuni pake. Akimaliza kukata, anavirudisha mfukoni, na jioni anaondoka navyo. Kwa nini? Mkasi ule ni mzito, na kwake ni mbali.

Alhamisi, Pasi akiwa anatia vifungo, alisikia mkasi wa wifi umenyamaza ghafla. Akaenda mezani. Akainua mkono mmoja wa shati, akainua wa pili, akachambua lundo lote. Arobaini, yote ya kushoto.

Alisubiri hasira. Kweli alisubiri, kama mtu anayemjua mgeni wake na saa yake ya kuja. Ikaja, ikapanda mpaka kooni, naye akashangaa kuona anaitazama tu wala haifuati. Ilikuwaje? Alipokuwa bado anashangaa, macho yake yalitua kwenye rafu, penye kitambaa cha muhula ujao.

"Shule ni ile ile, kitambaa ni kile kile," alisema. "Tukate ishirini ya kulia sasa hivi. Hii inayozidi itangoja mashati ya muhula ujao."

Alijisikia amekua, inchi nzima, labda na nusu yake. Akageuka ili wifi amwone alivyotulia. Akamkuta mlangoni, viatu mguuni, mfuko begani, mkasi ndani.

Basi ndiyo sababu msumari ulikaa mtupu. Kila siku wifi alikuja akiwa tayari kufukuzwa, na bado alikuja. Inchi za Pasi zikayeyuka zote. Hata ile arobaini ya kwanza ingeokolewa hivi hivi. Kilichokosekana ni dakika moja ya kunyamaza.

"Wifi," alisema. "Lile neno nililosema, kwamba kaka aliokota. Nilikukosea. Miaka saba ninaimba kanisani na sijakuomba msamaha. Nisamehe."

Wifi alifuta macho kwa ncha ya futi iliyokuwa bado shingoni, maana hapakuwa na kingine karibu.

"Nilishakusamehe mwaka wa pili. Woga tu ndio ulikataa kutoka."

Pasi akaona liwalo na liwe. "Nimeambiwa niulize watu. Hivi nimekua, hata kidogo?"

Wifi alimpima kwa macho toka utosini mpaka miguuni, kama wanavyowapima wateja.

"Umekua. Lakini wifi yangu, pindo bado lipo la kutosha!"

Walicheka mpaka Pasi akashika meza. Kisha wakatandika kitambaa, wakakikagua mara mbili, wakakata.

Jioni wifi alitoka hana kitu begani. Pasi alifungua mdomo amwite, amkumbushe mfuko wake, ndipo akauona unaning'inia msumarini. Akafunga mdomo.