Siku Nilipojifanya Daktari wa Kuku Maseno

Hii stori nimeificha mwaka mzima, na ningeendelea kuificha kama bibi yangu Akeyo hangeisimulia juzi kwa harusi ya binamu yake, tena akaongeza vitu ambavyo havikuwepo. (Hakuna mbwa alinifukuza. Wacha hilo liwe wazi.) Kwa hivyo nawaambia mimi mwenyewe, mcheke mara moja, yaishe.

Mimi nauza rangi na misumari kwa duka moja hapo Kibuye, Kisumu. Kuku ninayemjua vizuri ni yule wa kwenye sahani. Lakini siku ya kwanza tulipoenda kwao Akeyo, Maseno, baba yake aliniuliza mbele ya watu wote, "Na wewe kijana, mbali na hiyo kazi ya kuandikwa, una kitu chako?" Nikaona nikinyamaza nitaonekana bure kabisa, basi mdomo ukatangulia akili: "Nafuga kuku, Mzee. Watu hata huniita daktari." Akeyo alinikanyaga mguu chini ya meza mpaka machozi yakanilengalenga. Nilikuwa na kuku wawili tu, na mmoja alikuwa wa jirani.

Nikasahau. Wao hawakusahau.

Tulishaoana tayari siku Akeyo alipoingia ndani na simu mkononi, uso wake ukicheka na kuogopa kwa pamoja. "Mama anasema kuku wamejaa chawa na utitiri. Hawatagi, wamekonda, vishungi vimekuwa vyeupe, wawili wamekufa wakiwa wamelalia mayai. Na si wake peke yake, ni kuku wa chama chao chote cha kina mama. Anasema daktari aje Jumamosi." Nikamwambia amwambie mama yake ukweli. Akanijibu, "Ulidanganya kwa mdomo wako, utaenda na miguu yako."

Ijumaa nikaenda duka la dawa za mifugo, nikapewa dawa ya unga. Yule dada wa dukani akaanza kunieleza vizuri, nyunyiza chini ya mabawa, karibu na mkia, isiwaingie machoni, na banda nalo... nikamkata. "Najua, dada, najua." (Hapo ndipo nilipojimaliza. Angemaliza hiyo sentensi yake moja tu, leo ningekuwa mtu na heshima zake.)

Jumamosi nafika Maseno nimevaa koti jeupe nililoazima kwa jamaa wa buchari. Nililifua mara mbili lakini doa la damu la mfukoni lilikataa kutoka. Kina mama kama kumi na wawili wamekaa kwa benchi, wote na vitenge vya chama vya rangi moja, kuku wamefungwa miguu mbele yao. Mama mkwe, yaani maro, alikuwa amekaa mbali kidogo, karibu na jikoni, ameangalia upande, kwa sababu kwetu mkwe na maro hawazoeani ovyo. Unaweka adabu. Huongei ovyo, hucheki ovyo, na mwili wako unauficha.

Kuku wa kwanza alienda vizuri, hata nikapigiwa makofi. Nikamfunua manyoya, chawa wakatawanyika kama wachuuzi wameona askari wa kanjo, nikanyunyiza. Wa pili, wa tatu. Nikaanza kujisikia. Nikaanza kusema maneno kama "kitaalamu".

Ndipo mama mmoja mfupi, Mama Risper, mwenyekiti wa chama, akainua mkono. "Daktari, na wale wanaokaa kwa mbao?"

"Mbao gani, Mama?"

"Zile kuku hulalia kule ndani."

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha wasomi. "Mama, utitiri hunywa damu. Mbao ina damu? Kwa mbao hakuna kitu."

Wakaangaliana. Nikaona hawajaamini, basi nikainama nikaingia bandani, nikang'oa ule mti wa kulalia, nikatoka nao nimeuweka begani kama askari na bunduki, nikaupitisha nyuma ya shingo, nikaning'iniza mikono juu yake huku na huku, nikaendelea kufundisha. "Mnaona? Mti ni mti."

Dakika mbili hivi. Kitu kikatembea shingoni. Nikajikuna kitaalamu. Kingine kikaingia kwapani, halafu kikaita ndugu zake. Nikasema, "Kwa hivyo, kina mama, usafi..." mgongo mzima ukawaka. Nikasema, "usafi ni..." wakafika kiunoni, na hapo, jamani, sitadanganya tena, nilitupa ule mti na kupiga mayowe na kukimbia nikifungua vifungo mbele ya mama mkwe wangu.

Nilijitupa kwa bafu la mabati nyuma ya nyumba, nikavua kila kitu nikakirusha juu ya ukuta. Nilikuwa natafuta maji, nikasikia Mama Risper akisema nje, "Chukueni hizo nguo zichemshwe, zisilete wadudu kwa nyumba!"

"Mama, ngojeni! Sina zingine!"

Kisha vicheko, vicheko vya watu kumi na wawili. Halafu mkono ukapita juu ya mabati ukiniletea nguo. Kitenge cha chama. Gauni la akiba la Mama Risper mwenyewe, na nimeshasema alikuwa mfupi.

Nilipotoka magoti yakiwa nje, maro alikuwa amesimama pale, amenipa mgongo, amembeba kuku. Hakuongea na mimi. Aliongea na kuku.

"Wewe kuku, sikia. Chawa wanakaa kwa mwili wako. Utitiri mchana wanajificha kwa nyufa, usiku wanatoka kukunyonya. Tutatoa miti yote, tukwangue, tumwage maji ya moto, tuweke dawa. Baada ya wiki mbili turudie, kwa sababu mayai ya chawa hayasikii dawa. Si ndiyo?"

Kuku akapepesa macho. Mimi pia nikaongea na kuku, macho chini. "Kuku, kama Mama anajua yote haya, niliitwa ya nini?"

Maro akampapasa kuku. "Mwambie tulisikia ni daktari. Tukafikiri Kisumu kuna dawa mpya."

Hakuna tusi limewahi kunichoma hivyo.

Nilikwangua lile banda mpaka jua likashuka, ndani ya gauni, na kina mama wakinionyesha nyufa nilizoruka. Baba mkwe alirudi kutoka sokoni, akasimama langoni, akaniangalia kutoka kichwani mpaka magotini, akageuka akarudi alikotoka.

Wiki mbili baadaye nilirudi kwa awamu ya pili na ovaroli langu, bila kuitwa. Kuku walipona. Wanataga. Maro alituma trei nzima ya mayai, na Akeyo anasema mama yake alicheka siku tatu.

Mimi nimeapa: mtu akiniuliza nisichokijua, nasema sijui. Na kiapo kimenishika vibaya hata kwa ninachokijua, kwa sababu Jumapili iliyopita mchungaji aliuliza nani anaweza kupiga kinanda, mpigaji ni mgonjwa, na mimi kinanda nimepiga tangu darasa la sita. Niliangalia sakafu mpaka ibada ikaisha.